Fundi wa Saa ya Magharibi

Jioni ile Sixbert alitoka kwenda dukani kununua mafuta ya taa. Hakuyataka ya kuwashia, maana umeme ulikuwepo. Aliyataka ya kuoshea nati na bolti, ambazo zilijaa ndoo nzima uani kwake na sasa hakuwa na hakika tena ipi ilitoka wapi.

Muuza duka alimimina mafuta kwenye chupa huku akiitazama ile mikono iliyojaa oili nyeusi mpaka viwikoni.

"Bwana shamba, gari bado unalipasua?"

"Nabadili injini."

"Umewahi kubadili?"

"Hapana. Ndiyo mara ya kwanza."

Muuza duka akakaza kizibo, akamkabidhi chupa. "Basi uwahi. Kwa Bi Kazija magharibi haikawii kuingia."

Sixbert alicheka kidogo, akidhani ni utani. Magharibi huingia sawa kwa watu wote wa Kiranjeranje.

Alikuwa mgeni pale. Kwao Ndanda, na serikali ilimleta kuwa bwana shamba wa kata. Mkewe Antonia, muuguzi, alikuwa Lindi, mimba imeshakuwa kubwa. Gari lenyewe lilikuwa Starlet ya zamani ya marehemu baba yake, rangi ya maziwa iliyochujuka, gari ambalo mzee alipokuwa hai hakumruhusu mtu kugusa hata boneti. Sixbert alilirithi, na haukupita muda akaiua injini yake. Rejeta ilikuwa inavuja. Aliuona mshale wa joto unapanda, akajiambia atafika. Hakufika.

Fundi wa Nangurukuru alimsikiliza, akasema injini hiyo si ya kutengeneza tena, ni ya kubadili, na yeye ana malori ya watu yamepanga foleni mpaka mwezi ujao. Mwezi ujao Antonia angekuwa ameshajifungua. Ndipo Sixbert akaamua kuifanya kazi mwenyewe, akijifunza kwa video za kwenye simu. Stefano, dereva wa lori aliyezoeana naye barabarani, alimletea injini iliyotumika kutoka Dar, akamwazima na mnyororo wa kunyanyulia.

Nyumba alipanga upande mmoja kwa Bi Kazija. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti ndogo, kila asubuhi uani kwake pamefagiliwa. Siku ya kwanza alimpa sharti moja tu.

"Uani fanya utakalo, baba. Ila magharibi ikiingia uwe ndani na mlango umefunga. Umri wangu huu napenda utulivu."

Nyuma ya ua lilianza shamba lake la mikorosho. Sixbert, kwa kazi yake, alikuwa ameyaona mashamba mengi ya wilaya ile, na hakuna lililomshangaza kama hilo. Palizi ilikuwa imekwisha wakati majirani hawajaanza. Chini ya kila mkorosho pamekuwa peupe, hakuna jani. Alipomuuliza nani anampalilia, Bi Kazija alijibu, "Wanangu," kisha akamkaribisha chai. Mtoto hata mmoja Sixbert hakuwahi kumwona. Na kila jioni mama yule alitoa bakuli la pumba zilizolowekwa, akaliweka penye uzio. Sixbert alidhani ni za kuku. Hakujiuliza kuku wenyewe wako wapi.

Aliporudi kutoka dukani jua lilikuwa limeshagusa miti. Alisema atafanya jambo moja tu, kuitoa injini ya zamani, kisha aingie ndani. Alikuwa amesimamisha magogo matatu ya mvinje, ameyafunga vichwa, na mnyororo wa Stefano ulining'inia katikati. Akavuta. Injini ikanyanyuka kidogo, ikagoma. Akavuta tena. Sasa gari zima likaanza kunyanyuka pua, na magogo yakalia.

Kuna bolti aliisahau. Alizunguka, akapapasa, akamulika kwa simu. Hakuiona.

Adhana ikaita kutoka msikitini, ikaisha.

Ndipo ikaja harufu. Moshi wa maganda ya korosho, ule unaowasha macho na kukaba koo. Lakini msimu wa kubangua ulikuwa umepita, wala hapakuwa na moto popote.

Kisha sauti, chini ya gari.

Kiri... kiri... kiri...

Spana inazunguka.

Sixbert akainama taratibu. Upande wa pili wa gari, kutoka gizani, mkono ulikuwa umeingia mpaka begani. Vidole virefu, vimejaa udongo mkavu, vinafungua bolti iliyojificha nyuma ya giaboksi. Ile bolti ikadondoka. Injini ikaruka juu, ikayumba kwenye mnyororo, na kabla haijampiga Sixbert kifuani mtu mmoja alishaikumbatia kwa mikono miwili.

"Ahsante, kaka," Sixbert alisema. "Karibu. Habari za jioni?"

Mtu yule hakujibu. Alikuwa kijana, shati limechakaa mpaka halijulikani rangi, kichwa kimejaa vumbi. Aliishusha injini chini polepole, akaifuta bolti kwenye suruali yake, akaiweka kiganjani mwa Sixbert. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kama mtungi. Halafu akageuka, akapita penye uzio, akapotelea kwenye mikorosho.

Sixbert alijiambia huyu ni mmoja wa wana wa Bi Kazija. Bubu, maskini. Ndiyo maana mama yake anamficha.

Jioni iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata pia. Sixbert akawa sasa anamngoja, sharti la Bi Kazija ameshalisahau kwa makusudi. Yule mtu hakusema neno lakini alikuwa mwalimu. Sixbert akikaza nati kupita kiasi, alimshika mkono akamrudisha nyuma. Akikosea waya, alimtazama tu mpaka agundue mwenyewe. Kazi ngumu aliifanya yeye, kisha akaifungua tena na kumpa Sixbert spana airudie. Injini mpya ilipoteremka kwenye nafasi yake na kukaa sawasawa, Sixbert alijikuta anamsimulia habari za Antonia, na za baba yake, na hofu yake kwamba hatakuwepo mtoto akizaliwa. Yule mtu alikuwa amepiga magoti anafunga mpira wa rejeta. Aliacha kazi mpaka Sixbert akamaliza kusema. Halafu akaendelea.

Soda aliyompa aliiacha chini. Asubuhi ilikuwa bado imejaa, na mdudu ndani. Bakuli la pumba penye uzio ndilo lilikuwa tupu.

Siku hiyo, mchana, Stefano alipita kuchukua mnyororo wake. Alifurahi kuona injini imekaa. Akainama kutazama, akicheka na kumsifu Sixbert kwamba sasa ataacha korosho afungue gereji. Halafu kicheko kikakatika.

"Hii nani kakufungia?"

Alikuwa anaonyesha mpira wa rejeta. Juu ya kibano cha chuma palikuwa pameongezwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi, haukufungwa fundo bali umesukwa, mkono juu mkono chini, kama ukili.

"Kijana wa Bi Kazija. Yule bubu."

"Bi Kazija hana mtoto."

"Basi mpwa wake, sijui. Huja jioni."

Stefano aliugusa ule msuko kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono haraka. Akashusha sauti.

"Barabara hii yote, toka Mbwemkuru mpaka Somanga, aliyekuwa akifunga hivi ni mtu mmoja. Hussen, fundi wa Miteja. Mama yake, Bi Maimuna, ni msusi wa mikeka, naye akajifunzia hapo. Lori langu kalifunga hivi mara ngapi."

"Basi ndiye yeye. Kahamia huku."

"Bwana shamba, Hussen alifariki. Jeneza lake nimelishika kwa mkono huu."

Kwenye paa kunguru alitembea, kucha zake zikakwaruza bati.

"Kwenu Ndanda hamjui msukule, mtu aliyezikwa, kumbe mchawi kamchukua amlimie?" Stefano aliuliza.

"Ni hadithi za watu."

"Haya. Hadithi." Aliukokota mnyororo mpaka kwenye lori bila hata kuukunja. Akiwa juu kwenye kiti akasema tena, bila kumtazama, "Ukilimaliza gari, ondoka. Mwenye nyumba usimuulize kitu."

Sixbert alifanya kazi mchana ule kama mtu anayefukuzwa. Aliazimia gari liwake kabla ya jua kuzama, akimbie, aache kila kitu isipokuwa funguo na nguo alizovaa. Akaweka maji, akaweka oili, akafunga betri. Akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Tk.

Akazungusha tena.

Tk.

Waya wa stata. Hakujua uende wapi. Alijaribu huku, akajaribu kule, jasho likimwingia machoni, na kivuli cha mikorosho kikazidi kurefuka mpaka kikaufunika ua. Adhana ikaita. Ikaisha.

Harufu ya moshi ikaja.

Hakugeuka. Alisikia nyayo zikija juu ya mchanga, hazina haraka, zikasimama pembeni yake. Akasema jina, kwa sauti ambayo hakujua kama imetoka.

"Hussen."

Yule mtu aliyekuwa ameshainama akasita. Kwa mara ya kwanza tangu waonane, aliinua macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyeitwa kutoka mbali sana, ambaye bado hajajua sauti imetokea upande gani.

Halafu akauchukua waya kutoka mkononi mwa Sixbert, akaufunga mahali pake, akamwashiria aende kwenye usukani.

Injini ikawaka kwa mkupuo mmoja. Ikatulia. Ikanguruma taratibu, bila kukohoa. Hata katika hofu ile Sixbert alisikia kitu cha furaha kikimpanda kifuani, maana alikuwa ameifanya kazi hii kwa mikono yake. Hussen alikuwa ameweka kiganja juu ya bomba la moshi la injini, anasikiliza. Bomba likapata moto. Hakuondoa kiganja. Ngozi ikaanza kutoa sauti ndogo, kama ya mafuta kikaangoni, na harufu nyingine ikaungana na ile ya maganda.

"Toa mkono," Sixbert alinong'ona. "Kaka, unaungua."

Hussen akamtazama. Mdomo wake ukafunguka, pengine alitaka kucheka, pengine kusema.

Ndani hamkuwa na ulimi.

Kutoka upande wa pili wa nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa, ikaja ile sauti ndogo ya upole.

"Bwana shamba... zima gari, baba. Mwenzio ana kazi."

Hussen alifunga boneti. Akaufungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa, mikono juu ya mapaja kama abiria.

Sixbert angeweza kukimbia kwa miguu. Barabara ilikuwa karibu na majirani walikuwepo. Lakini mtu huyu alikuwa amemrudishia spana mkononi jioni baada ya jioni ili ajifunze. Akakaa kwenye usukani.

"Miteja?" aliuliza.

Kwenye kioo aliona kichwa kikiinama, mara moja.

Wakaondoka. Hoteli Tatu walipita, na Mandawa. Gari lilikwenda vizuri kuliko siku za uhai wa mzee. Nyuma hapakuwa na sauti ya mtu anayepumua. Karibu na Mavuji kidole cha baridi kilimgusa begani, akasimamisha. Hussen alishuka, akafungua boneti, akakaza nati moja kwa vidole vitupu, akarudi kukaa. Ndivyo fundi anavyofanya akiandamana na gari lake kwenye safari ya kwanza.

Nangurukuru askari alinyoosha mkono. Sixbert akateremsha kioo.

"Leseni. Unatoka..." Askari akamulika tochi kiti cha nyuma.

Tochi ikazimika. Askari akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwonea huruma, "Pita, kaka. Usizime gari hapa. Pita tu."

Miteja walifika watu wameshaswali isha. Hussen alionyesha kwa mkono, hapa kata, hapa nyoosha, mpaka nyumba moja ya udongo yenye baraza pana na mikeka imetundikwa. Taa ilikuwa inawaka ndani. Sixbert akapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa mama wa makamo, kanga kichwani, ukili bado umo vidoleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kari..."

Aliona nyuma ya bega la Sixbert. Sixbert alijiandaa kwa kilio, au kwa mtu kuanguka. Bi Maimuna hakulia. Aliutoa ukili vidoleni, akauweka chini, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukakaribia kufunga.

"Kazija anajua kama umemchukua?"

Sixbert alirudi nyuma hatua moja.

"Mama... kumbe unamjua Bi Kazija."

"Mrudishe," alinong'ona. "Mwanangu, nakuomba kwa jina la Mungu, mrudishe kabla dada yake hajamwona. Siti alikuwa anakufa. Nimezunguka naye kila mahali. Nikaenda Kiranjeranje kutafuta dawa, nikaambiwa dawa ipo, lakini kwenye nyumba hii kitanda kimoja lazima kiwe kitupu." Akautazama mlango. "Sikutaja jina. Wallahi sikutaja jina. Nilisema ndiyo tu."

Hussen alikuwa amesimama pale pale kwenye mchanga, anamtazama mama yake. Uso wake haukuwa na hasira. Haukuwa na kitu.

Mlango ukafunguka.

"Mama, nani?" Alikuwa msichana mzuri, mnene wa afya, taa mkononi. Mwanga ukampata Hussen. Akaiweka taa barazani.

"Kaka?"

"Siti, usimguse. Ukimgusa utamfuata."

Lakini Siti alishashuka barazani. Alimkamata mkono kwa mikono yake miwili, ule ulioungua, akaukumbatia, akalia kimya kimya huku akirudia, kaka, kaka, umekuwa wa baridi, kaka. Kwa kitambo kidogo vidole vya Hussen vilifunga juu ya vya dada yake. Sixbert aliviona. Halafu Hussen akajichomoa kwa nguvu, akamsukuma mpaka akaketi chini, akarudi mbio kwenye gari na kujifungia.

Bi Maimuna hakumtazama mwanawe aliyekuwa akiondoka. Aliitazama mikono ya Siti.

Sixbert aliendesha bila kujua anakwenda wapi. Walipokaribia tena Nangurukuru kidole kile kikamgusa begani. Hussen akashuka. Akafungua boneti, akaweka sikio karibu na injini, akasikiliza kwa muda mrefu, akaifunga kwa upole. Akalipiga paa la gari makofi mawili, kama fundi anavyomwambia dereva nenda. Kisha akaanza kutembea kuelekea kusini, kando ya lami, akirudi alikotolewa, ili kitanda kile kibaki kitupu.

Sixbert hakumfuata. Alilala kwenye nyumba ya wageni, kama kulala ndiko kule.

Asubuhi ilimbidi apite Kiranjeranje, maana hakuna njia nyingine ya kwenda Lindi na vitu vyake vyote vilikuwa kule. Njia nzima alitazama pembeni. Hakumwona mtu. Alimkuta Bi Kazija anafagia.

"Shikamoo, bibi." Salamu ilimtoka yenyewe.

"Marahaba. Gari limekubali?"

"Limekubali."

"Mwanangu ni fundi mzuri." Aliendelea kufagia, ufagio ukichora mistari ile ile kwenye mchanga. "Wamefika kabla yako. Kwa miguu, lakini wamefika salama."

"Wamefika akina nani, bibi?"

Bi Kazija akainua uso, akatabasamu kwa upole. "Nenda kwa mkeo, baba. Leo utapata mtoto."

Alikuwa juu ya daraja la Mbwemkuru Stefano alipopiga simu. Siti, mdogo wake marehemu Hussen, amekutwa alfajiri kitandani, hakuamka. Hakuwa na homa wala kitu. Wanazika adhuhuri.

Na siku hiyo hiyo, jioni, Antonia akajifungua. Mtoto wa kike, wakamwita Cecilia.

Sixbert aliomba uhamisho, akaupata. Hakumsimulia mkewe. Gari halikumsumbua hata siku moja. Ule msuko wa mpira alikusudia mara nyingi kuukata, na kila akishika kisu, mkono ulikataa.

Arobaini ya Siti ilikuwa imepita alipokuja mgeni ofisini Lindi. Bi Maimuna. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, ila ameoga na kujipaka udi kama anayekwenda harusini. Stefano ndiye aliyemwelekeza.

"Sikuja kukulaumu, mwanangu. Wa kulaumiwa namjua. Nataka unipeleke nikawaone wanangu."

Sixbert alimwambia haiwezekani. Bi Maimuna hakubishana. Aliketi sakafuni pembeni ya mlango, miguu amenyoosha, mpaka ofisi ikafungwa. Ndipo Sixbert akachukua funguo.

Njiani alikuwa mchangamfu kidogo. Aliuliza habari za Antonia. Aliuliza mtoto hajambo, ananyonya vizuri, mmempa jina gani. Sixbert akamjibu vizuri, akifurahi kwamba wana cha kuongea.

Walifika magharibi inaingia. Alisimamisha gari barabarani, hakukubali kusogea zaidi. Bi Maimuna alivua kandambili, akaziacha ndani ya gari, akaingia kwenye mikorosho peku. Sixbert alibaki na injini inawaka. Kutoka ndani ya shamba alisikia majembe. Yalikuwa yakipishana, moja zito, moja jepesi. Halafu yakanyamaza.

Giza lilikuwa limeshika alipotoka. Alitembea taratibu, akaingia, akafuta nyayo zake kwa kanga. Harufu ya maganda ya korosho ikaingia naye.

"Umewaona?"

"Nimewaona. Wanalima pamoja, bega kwa bega." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Siti bado ana ulimi. Kazija anasema bado ni mapema."

Sixbert aling'oa gari. Mbwemkuru walipita. Mbele kidogo Bi Maimuna akasema, akitazama dirishani ambako hapakuonekana kitu, "Amesema Siti anaweza kurudi."

"Anarudije?"

Aliikunja kanga aliyofutia nyayo.

"Aliniuliza nani kanileta. Nikamwambia. Akauliza kama una mtoto, na anaitwa nani."

Mguu wa Sixbert ulikuwa umekanyaga breki bila yeye kujua. Gari likasimama katikati ya barabara, injini ikinguruma taratibu, vizuri kabisa.

"Ukamwambiaje, mama?"

Bi Maimuna aligeuka. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini sauti haikutetemeka.

"Siti ni binti yangu wa pekee, mwanangu."

Simu ikaita. Alikuwa Antonia.